Kilichofunuliwa Athens ni Mgongo wa Hekalu

Oktoba 2025 Wizara ya Utamaduni ya Ugiriki ilitangaza kwamba majukwaa ya mafundi yaliyouzonga upande wa magharibi wa Parthenon, hekalu la kale la mungu wa kike Athena, kwa miaka mingi yameondolewa. Kuna vijana wa Athens waliokua bila kuwahi kuuona upande huo ukiwa wazi. Picha zilisambaa upesi, na ingawa ilielezwa kuwa majukwaa mengine, mepesi zaidi, yangerudishwa kwa muda ili kazi ikamilike, shangwe haikupungua. Maneno yaliyofuatana na picha hizo yalikuwa ya aina moja karibu kila nilipoyasoma: hatimaye tunaliona hekalu kama alivyoliona Mgiriki wa kale alipokwenda kumwabudu Athena.

Mgiriki huyo hakwenda kuabudu upande huo, kwa sababu kilichofunuliwa ni mgongo wa jengo. Hata angezunguka akasimama mbele, asingeingia ndani kusali pamoja na wenzake, kwani hekalu la Kigiriki halikujengwa kwa kazi hiyo. Ibada ilikuwa nje, kwenye madhabahu, juani, penye moshi na damu na nyama. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kulisoma hekalu kwa macho ya watu wa kanisa na msikiti, na kwa sababu hiyo dini yenyewe inatupita. Kosa hilo haliishii kwenye historia. Ndilo linalopotosha mabishano ya leo kuhusu nani aruhusiwe kufanya nini Acropolis, kilima lilipo hekalu hilo, na kuhusu mawe yake ya michongo yaliyoko London.

Tuanze na jinsi eneo lilivyokaa. Acropolis inapandwa kutoka magharibi, kupitia lango la Propylaia, na ndivyo ilivyokuwa pia karne ya 5 KK. Anayetoka langoni anaikuta Parthenon imempa kisogo. Mtalii husimama hapo, hupiga picha, huridhika. Mwathene wa kale hakuwa na sababu ya kukawia hapo. Alikuwa kama mgeni aliyeingizwa kwa mlango wa uani, na mambo yenyewe yalikuwa mbele. Ili afike yanakofanyika ilimpasa kuambaa na ubavu wa jengo hadi mashariki. Huko ndiko ulikoelekea mlango wa chumba chenye sanamu, na huko, kaskazini kidogo, karibu na jengo la Erechtheion, ndiko ilikokuwa madhabahu kuu ya Athena. Madhabahu hiyo haipo tena. Kilichobaki ni michongo kwenye mwamba ambayo mtu asiyeelekezwa hawezi kuitambua. Tangu Septemba 2023 wageni wamewekewa kikomo cha watu 20,000 kwa siku, na sidhani kama wengi wao huondoka wakijua kwamba wamepita jirani na mahali palipokuwa moyo wa ibada ya mji ule.

Parthenon yenyewe inaleta ugumu zaidi. Ilianza kujengwa mwaka 447 KK, Iktinos na Kallikrates wakiwa wasanifu na Pheidias akisimamia uchongaji, na ikakamilika mwaka 432 KK. Ina nguzo 8 mbele na 17 ubavuni. Lakini haijulikani kuwa na madhabahu yake, wala hatujui kuhani yeyote aliyepewa cheo cha kuitumikia sanamu yake. Kuhani mkuu wa Athena mjini alikuwa mwanamke wa ukoo wa Eteoboutadai aliyemtumikia Athena Polias, yaani Athena wa mji, na mmoja wao, Lysimache, alishika kazi hiyo kwa miaka 64 kwa mujibu wa mwandishi Mroma Pliny. Athena Polias alikuwa na sanamu nyingine kabisa, ya mbao, kuukuu, ambayo msafiri na mwandishi Mgiriki Pausanias alisimuliwa kuwa ilianguka kutoka mbinguni. Msomaji wa Matendo ya Mitume atakumbuka kwamba hata Waefeso walikuwa na dai la namna hiyo juu ya Artemi wao. Vazi jipya la peplos lililofumwa kwa ajili ya Panathenaia, sikukuu kuu ya Athena, lilikuwa la sanamu hiyo ya mbao. Sanamu ya Pheidias ndani ya Parthenon, yenye urefu wa karibu mita 12, ya dhahabu na pembe za ndovu, haikuhitaji nguo. Mwanahistoria Thucydides anaandika kwamba vita na Sparta vilipokuwa vinaanza Pericles, kiongozi wa Athens, aliwakumbusha Waathene kuwa dhahabu iliyokuwa juu yake, talanta 40, yaani zaidi ya tani moja, inaweza kubanduliwa na kutumika, mradi baadaye irudishwe yote. Hakuna aliyefikiria kusema hivyo kuhusu ile ya mbao.

Ibada yenyewe ilikwendaje? Mnyama aliletwa akiwa amevikwa shada, watu wakimsindikiza kwa msafara. Waliohudhuria walinawa mikono, wakachota punje za shayiri kwenye kikapu ambacho chini yake kisu kilikuwa kimefichwa, wakazirusha. Nywele chache za kipaji cha mnyama zilikatwa na kutupiwa motoni. Kisha koo likakatwa, na papo hapo wanawake wakapiga vigelegele. Damu ilipakwa madhabahuni. Mifupa ya mapaja ilifungwa kwa mafuta na kuteketezwa kwa ajili ya mungu, divai ikamiminwa juu yake. Maini, moyo na mapafu vilichomwa kwenye mishikaki na kuliwa palepale na waliokuwa karibu, na nyama iliyobaki ikachemshwa na kugawanywa. Mshairi wa kale Hesiod anaeleza kwa nini miungu iliambulia mifupa: Prometheus alimfanyia Zeus hila. Wagiriki waliisimulia hadithi hiyo bila kuona haya, kisha wakaendelea kula. Kuhani alikuwa na fungu lake lililoandikwa, mara nyingi ngozi na paja. Huko Athens, kati ya miaka 334 na 330 KK, fedha zilizotokana na ngozi za wanyama waliochinjwa kwenye sikukuu za umma zilichongwa kwenye jiwe kama mapato ya dola. Nyama ya Panathenaia iligawiwa wananchi kwa mpangilio wa vitongoji vyao. Anayetafuta ushirika wa dini hii, ule tunaoutafuta sisi kwenye mistari ya waumini waliosimama pamoja, ataukuta hapa kwenye mgao.

Ushahidi kwamba madhabahu ndiyo iliyokuwa ya lazima na hekalu la ziada umetapakaa Ugiriki nzima. Kwenye kilele cha mlima Lykaion, Arcadia, Zeus aliabudiwa kwenye kichuguu cha majivu na mifupa, bila hekalu. Huko Dodona watu walikuja kumwuliza Zeus maswali yao chini ya mti wa mwaloni karne nyingi kabla ya kumjengea kijumba cha mawe. Olympia ni mfano mzuri kuliko yote. Kwa hesabu ya Wagiriki wenyewe michezo ilianza mwaka 776 KK, ilhali hekalu kubwa la Zeus lilimalizika yapata mwaka 457 KK. Kilichokuwapo miaka hiyo yote ni madhabahu ya majivu ya sadaka, ambayo kila mwaka waaguzi waliyakanda kwa maji ya mto Alpheios na kuyasiriba tena. Pausanias alipoiona, karne ya 2 BK, ilikuwa na kimo cha futi 22, na wanawake waliruhusiwa kufika ngazi ya chini tu. Leo haipo, kwa kuwa majivu hayadumu kama marumaru. Hapo ndipo penye chanzo cha tatizo letu: kilichokuwa muhimu zaidi kilikuwa cha udongo, majivu na watu, nacho kimepotea, kilichokuwa makazi ya sanamu na hazina kilikuwa cha mawe, nacho kimebaki kutusimulia habari isiyo yake.

Mkristo anayesoma Kiswahili anao ushahidi mwingine karibu zaidi. Huko Listra, kuhani wa Zeu, ambaye hekalu lake lilikuwa mbele ya mji, alipodhani kwamba Paulo na Barnaba ni miungu hakuwakaribisha waingie hekaluni. Alileta ng'ombe na mashada hadi malangoni, tayari kuchinja. Na ukizisoma sura za barua ya kwanza kwa Wakorintho zinazozungumzia sanamu, utaona kwamba zinazungumzia chakula: nyama iliyouzwa sokoni, na ndugu anayeonekana ameketi kula hekaluni. Wachimbuaji wa Korintho wamefukua vyumba vingi vya kulia kwenye eneo takatifu la Demeter, mteremkoni chini ya ngome. Paulo alikuwa anawajibu watu walioalikwa karamu.

Hata watawala wa Roma waliotaka kuifuta dini hii walijua pa kupiga. Sheria ya mwaka 341 ya Kaisari Constantius ilielekezwa kwenye dhabihu. Mwaka 382 ikatoka amri kwamba hekalu moja la jimbo la Osrhoene liachwe wazi, sanamu zake zithaminiwe kwa ufundi wake wala si kwa uungu, ila sadaka za kuchinjwa zisifanyike humo. Aliyeandika amri ile alielewa kwamba jengo bila dhabihu limekwisha makali. Kwa maneno mengine, kulitazama hekalu kama kazi ya sanaa hakukuanza na watalii. Ilikuwa njia ya kisheria ya kuinyonga dini iliyokuwa nje yake.

Sasa hoja za upande wa pili, maana zipo na nyingine ni nzito. Si kweli kwamba hakuna aliyeingia hekaluni. Sheria ya mwaka 391 inakataza pia kuzunguka ndani ya mahekalu na kuziinulia macho sanamu, na hakuna anayekataza jambo lisilofanyika. Watu waliingia kusali mbele ya sanamu, kuweka nadhiri, kuacha zawadi. Pausanias anataja madhabahu ndani ya Erechtheion, na Delphi kulikuwa na meko ya moto usiozimwa ndani ya hekalu la Apollo. Huko Epidauros wagonjwa walilala ndani ya jengo maalumu wakingoja Asklepios, mungu wa uponyaji, awajie ndotoni. Na Eleusis, mahali pa ibada za siri karibu na Athens, ndiyo inayoniletea shida kubwa kuliko zote: jumba la Telesterion, la mraba wenye takriban mita 50 kila upande, lilijengwa mahsusi ili maelfu ya watu wakae ndani pamoja na kuona mambo ambayo hawakuruhusiwa kuyasimulia. Hilo ni jengo la kukusanyikia kweli. Lakini litazame lilivyo: lina ngazi za kukalia kuzunguka kuta, na msitu wa nguzo ndani wa kubeba paa pana. Halifanani na Parthenon hata kidogo. Wagiriki walipotaka nyumba ya mkusanyiko wa ibada walijua kuijenga, na walipojenga hekalu la kawaida walijenga kitu kingine kwa makusudi. Kwa hiyo Eleusis inanilazimu kupunguza ukali wa kauli, wala hainilazimu kuiacha.

Iliyo dhaifu ni hoja inayovutia vijana wengi mtandaoni, kwamba kwa kuwa Parthenon haina madhabahu wala kuhani, basi haikuwa hekalu bali benki. Ni kweli kwamba hazina ya muungano wa Delos, ushirika wa miji ulioongozwa na Athens, ilihamishiwa Athens mwaka 454 KK, na kwamba kuanzia mwaka 434 KK watunza hazina wa Athena walichonga orodha za vitu vilivyokuwa vyumbani: vyombo vya dhahabu na fedha, silaha, vitanda, hata vipande vilivyovunjika. Lakini mali ile ilikuwa ya mungu wa kike. Wakati wa vita na Sparta, Waathene walipochukua fedha za Athena waliandika kuwa wamekopa, wakakokotoa na riba. Benki haikopeshi wenye nchi fedha ambazo mwenye nazo hali, hasemi, na ana siku yake ya kuzaliwa inayosherehekewa kwa ng'ombe mia. Wanaosema "benki tu" wamehamisha mgawanyo wetu wa dini na fedha wakaupeleka kwa watu ambao hawakuwa nao. Kumpa mungu mali, kumwekea kwenye nyumba nzuri kuliko zote mjini, na kumhesabia hadharani kila mwaka kilichopo, hayo yenyewe yalikuwa ucha Mungu wao. Hekalu lilikuwa zawadi kubwa iliyohifadhi zawadi ndogo.

Mbona basi tunaliona kama kanisa? Jibu moja ni kwamba liliwahi kuwa kanisa. Mnamo karne ya 5 au ya 6 BK Parthenon iligeuzwa kuwa kanisa la Mama wa Mungu, na neno kugeuzwa lichukuliwe kama lilivyo. Wakristo walihitaji sehemu takatifu ya kanisa iwe mashariki, kwa hiyo walijenga ukuta wa nusu duara pale ulipokuwa mlango wa kale, wakavuruga michongo iliyokuwa juu yake, na waumini wakawa wanaingia kutoka magharibi. Mgongo ukawa uso. Baada ya mwaka 1204 likawa kanisa la Walatini, yaani Wakatoliki wa Magharibi, na katika karne ya 15 Waosmani wakaligeuza msikiti, hadi tarehe 26 Septemba 1687 bomu la Wavenisi lilipolipua baruti iliyohifadhiwa ndani. Ni zaidi ya miaka elfu moja ya watu kuingia ndani na kusali pamoja. Tunapopanda leo, tukasimama magharibi na kuhisi kwamba hapa ndipo mlangoni pa nyumba ya ibada, tunarithi hisia ya watu hao. Ni hisia halali, na historia yao ni ya jengo lile kama ilivyo ya Waathene. Ila si ya Athena.

Ajabu ni kwamba dola ya Ugiriki iliifuta historia hiyo ya katikati kisha ikabaki na mazoea yake. Mwaka 1834 msanifu Leo von Klenze, mbele ya Mfalme Otto, alizindua kazi ya kuirudisha Parthenon, na miongo iliyofuata ikasafisha kilima: msikiti mdogo uliokuwa ndani ya magofu ukabomolewa, na mwaka 1875 ukaondolewa mnara wa enzi za Wafaranki kwa fedha za Heinrich Schliemann. Kilichobaki ni kilima cha karne ya 5 KK peke yake, kikiwa kitulivu na cheupe kuliko kilivyowahi kuwa, na kikapewa utakatifu mpya, wa taifa. Mwezi Mei 2025, droni za kampuni ya viatu vya michezo zilipochora kiatu angani juu ya Acropolis, hasira iliyofuata ilisemwa kwa lugha ya kunajisi. Mimi nakubali matangazo yale hayakufaa. Mnara wa umma usigeuzwe kibao cha biashara bila idhini. Hiyo ni sababu tosha. Lakini kudai kwamba Wagiriki wa kale walipaheshimu pale kwa ukimya na kutembea taratibu ni kujitungia mababu. Palikuwapo dakika ya ukimya kabla ya sala, naam. Baada yake palikuwa na filimbi, milio ya ng'ombe, nzi, na watu wanaogombea fungu.

Waumini wapya wa miungu ya kale nao wameingia kwenye mtego huohuo. Januari 2007 kikundi kimoja kilifanya ibada kwenye magofu ya hekalu la Zeus wa Olympos mjini Athens bila idhini ya wizara, na mwaka 2017 dini yao ilipata kutambuliwa kisheria nchini Ugiriki. Haki yao ya kuabudu naitetea. Ila kudai waingie kwenye magofu maarufu ni kudai jengo ambalo dini yao ndiyo ililihitaji kidogo kuliko dini nyingi, na wakati huohuo wengi wao hawachinji. Wanachokiomba kwa serikali ni mandhari. Madhabahu wangeweza kuijenga kwenye shamba lao wenyewe, na Mgiriki wa kale asingeona kasoro.

Limebaki suala la London, ambalo ndilo zito. Ukanda wa michongo uliozunguka kuta za Parthenon kwa ndani ya nguzo ulikuwa na urefu wa mita 160. Kati ya hizo, takriban mita 75 ziko British Museum, zilizotolewa na watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waosmani, kuanzia mwaka 1801 na kununuliwa na Bunge la Uingereza mwaka 1816. Hoja ya Ugiriki inayosikika zaidi ni ya jengo: Parthenon ni moja, viungo vyake vikutanishwe. Hoja hiyo ina tundu, kwa sababu mawe yakirudi hayatapandishwa ukutani. Yatawekwa kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2009 chini ya kilima, na Waingereza hawachoki kulisema hilo. Wangekuwa na hoja imara zaidi kama wangeanzia kwenye ibada. Ukanda ule, kwa tafsiri ya wataalamu wengi, ni msafara wa Panathenaia. Unaanzia magharibi, unajigawa mara mbili, na pande zote mbili zinaelekea mashariki: wapanda farasi, magari, wapiga ala, wabeba mitungi, ng'ombe na kondoo wa sadaka, hadi kwenye miungu walioketi na nguo inayokunjwa katikati yao. Ndicho kitu pekee kwenye jengo zima kinachomwonyesha mtazamaji watu wakienda madhabahuni, na mpangilio wake ndio maana yake. Leo ng'ombe wa upande wa kusini wako London. Jiwe lenye nguo liko London, pamoja na Zeus na Athena. Poseidon, Apollo na Artemis wameketi Athens. Wasichana waliotangulia msafara wako Paris, Louvre. Ukitoa kichwa cha farasi kwenye jengo umepunguza uzuri wake, lakini ukiwatenganisha ng'ombe na miungu wanaopelekewa, sadaka haikamiliki, na mwenye kutazama hawezi kujua ilikuwa inaelekea wapi. Mapengo yamejazwa kwa nakala za plasta, na Athens na London wanaendelea kuvutana kuhusu umiliki, mkopo na sheria ya mwaka 1963 inayoibana British Museum isigawe mali yake. Katika yote niliyoyasoma kutoka pande hizo mbili, sijaona aliyeitaja madhabahu.